Bahati ina kazi gani kwenye mtaji mdogo? Leteni hesabu, mahubiri tumeshayasikia

BintiGairo (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam.

Mada ya bahati kila ikiletwa humu inazaa kambi mbili. Wa kwanza wanasema bahati haipo, ni juhudi na Mungu. Wa pili wanasema bila nyota hata uuze maji jangwani, watu watakwambia hawana kiu. Zote mbili hazimsaidii mtu mwenye milioni mbili mkononi anayetaka kujua aiweke wapi na kwa kiasi gani.

Chukueni mfano huu. Watu wawili wamekodi mashamba yanayopakana na kupanda tikiti maji ekari moja moja. Mbegu ni ile ile, kisima kimoja, bwana shamba mmoja. Mmoja kawahi kupanda wiki tatu kabla ya mwenzake. Aliyewahi kauza tunda shilingi 1,800 hapo hapo shambani. Aliyechelewa madalali wamemwambia 500, akubali au yaoze. Sasa kijiji kizima kinamfuata wa kwanza kumwomba ushauri, na wa pili anaambiwa kilimo hakimfai.

Naomba wanaojua watenganishe: kwenye tofauti hiyo, ipi ni ya mkono wa mkulima na ipi ni ya bahati? Na kama bahati ni kubwa hivyo, mtu anajipangaje asikatwe mtaji kabla bahati yake haijafika? Tafadhali msiniletee "amini ndoto zako".

---

Daftari_la_Shamba

Swali zuri, dada. Tikiti ni zao la kufundishia jambo hili kwa sababu linaisha haraka, siku 75 hadi 90, na hesabu yake haifichiki.

Tuanze na hesabu ya kwenye makaratasi, ile inayozunguka kwenye magrupu. Ekari ni mita za mraba 4,047. Ukipanda mita 2 kwa 1 unapata mashimo kama 2,000. Kila mche matunda mawili, hayo ni 4,000. Bei 2,000. Milioni nane! Ndiyo hiyo inayowatoa watu maofisini.

Shambani ni hivi. Miche inayofika mwisho ni kama 1,700. Tunda linalouzika ni moja na nusu kwa mche kwa wastani, kwa sababu mengine yanadumaa, yanapasuka au yanatobolewa. Unabaki na matunda kama 2,600. Kutoka 2,600 kushuka hadi 1,200 ni mkono wako, wala usimsingizie mtu. Ua la tikiti hufunguka siku moja tu, na nyuki wanalifanyia kazi asubuhi. Ukipiga dawa ya wadudu asubuhi unaua mavuno yako mwenyewe, piga jioni. Nzi wa matunda akishadunga tunda changa, dawa haimfikii funza aliyemo ndani. Yaliyodungwa yaokote, yafunge kwenye mfuko mweusi, uyaache juani mpaka funza wafe. Kuyaacha yaozee kwenye tuta ni kufuga nzi wa wiki ijayo. Kumwagilia kwa kuruka ruka, siku nne kavu halafu mafuriko, kunapasua matunda na kuozesha kitako. Hakuna nyota hapo.

Bei ndiyo habari nyingine. Tuseme gharama ya ekari (kukodi, kulima, mbegu, mbolea, dawa, mafuta ya pampu, vibarua) ni 2,200,000. Kwa matunda 2,600, kila tunda limekugharimu kama 850. Bei ikiwa 500 unapata 1,300,000, yaani hasara laki tisa. Bei ikiwa 1,000 unapata faida laki nne. Ikiwa 1,800, faida ni 2,480,000. Angalia vizuri: mkulima ni yule yule, jasho lile lile, idadi ya matunda haijabadilika, na matokeo yametofautiana kwa zaidi ya milioni tatu. Wale majirani wawili wa mada wako ndani ya hesabu hii hii.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza: idadi na ukubwa wa matunda ni mkono. Bei ya wiki uliyovuna ni idadi ya ekari walizopanda watu usiowajua, mikoa usiyoifika, miezi mitatu nyuma. Juhudi zako haziwezi kuigusa. Zinaweza tu kuamua bei hiyo ikukute na karata ngapi mkononi.

---

Kinyonga77

Mkuu Daftari, nakubali kwa sehemu kubwa ila usimwachie mtu aamini bei ni karata tupu. Kuna kalenda.

Tikiti hupanda bei Ramadhani, hilo kila mtu analijua, na kwa kuwa kila mtu analijua, faida yake inaliwa na wingi wa waliolijua. Jambo ambalo wengi hawalifanyii kazi ni kwamba mfungo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. 2025 ulianza mwanzoni mwa Machi, 2026 wiki ya tatu ya Februari. Ukihesabu siku 80 kurudi nyuma kutoka Februari hiyo, unapanda mwishoni mwa Novemba, na kwa ukanda wa pwani mmea wako unakua ndani ya mvua za vuli. Ukungu wa majani unaongezeka, gharama ya dawa inapanda, na mtu mwenye shamba la bondeni anaweza kupoteza yote. Aliyenakili tarehe za miaka kumi nyuma anapata hali ya hewa tofauti kabisa na ile aliyosimuliwa. (2030 Ramadhani itaanza mara mbili, Januari na Desemba. Wapanga kalenda mjiandae.)

Kwa hiyo aliyewahi wiki tatu, kabla ya kumwita mwenye bahati, muulize swali moja tu: alichagua tarehe ile kwa sababu gani? Kama jibu ni "pampu ilipatikana mapema", hiyo ni bahati, msimfuate. Kama jibu ni "nilihesabu malori yanayotoka upande fulani yanaanza lini", huyo ana kitu cha kufundisha. Hamna njia nyingine ya kuwatenganisha, maana mifukoni mwao pesa inafanana.

---

Daftari_la_Shamba

Sawa kabisa. Na niongeze kosa linaloua wengi kuliko bei mbaya: kupanua baada ya msimu mzuri. Mtu kapata 2,480,000 kwa ekari moja, msimu unaofuata anakodi ekari nne. Msimu mzuri kupita kiasi kwa kawaida hufuatwa na wa kawaida, si kwa sababu ya kijicho, ni kwa sababu ule ulikuwa na bahati ndani yake na bahati haina wajibu wa kurudi. Tena bei nzuri ndiyo iliyowaita wengine shambani. Kwa hiyo anakuwa mkubwa wakati ule ule bei inakuwa ndogo. Ekari nne kwa bei ya 500 ni hasara ya 3,600,000. Faida yote imekwenda na imebeba rafiki.

---

Mama_Mizani

Jamani, mmeshika shamba tu. Nije dukani, maana huko ndiko bahati inakopewa majina mengi: mkosi, kijicho, chuma ulete.

Mwenye duka anasema "nauza kutwa, jioni hela siioni". Anakwenda kwa mganga. Kabla ya mganga, chukua mfuko mmoja wa sukari wa kilo 50. Tuseme umeununua 130,000 na unauza kilo 2,800. Mauzo kamili ni 140,000, faida 10,000. Sasa anayepima anajaza mpaka sindano ya mzani ipite kidogo, ili mteja afurahi. Kidogo hicho ni gramu 20 kwa kila kilo, kama vijiko vitano vya chai. Kwa mfuko mzima umetoa bure karibu kilo moja, sawa na shilingi 2,750 hivi. Zaidi ya robo ya faida imeondoka kwa sindano ya mzani! Weka na vifungashio, weka na wanaopima robo robo ambako kosa linajirudia mara nne kwa kila kilo. Chuma ulete imepatikana, inakaa juu ya kaunta.

Namna ya kupima: weka mfuko mmoja pembeni, usichanganye na mwingine, mauzo yake yaandikwe peke yake mpaka uishe. Pima na mfuko wenyewe unapofika, kwa sababu wakati mwingine kilo 50 zilikuwa 49. Fanya hivyo pia kwa mchele, unga wa kupima na mafuta ya kula. Mafuta ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu kipimo kina povu na koki inaendelea kudondosha. Jioni hesabu pesa uliyoanza nayo asubuhi, jumlisha mauzo, toa ulichotoa (na nauli ya mtoto wa shule ni ulichotoa!), toa waliokopa, kisha linganisha na pesa iliyopo mkononi. Tofauti ikibaki siku kumi mfululizo kwa kiasi kinachofanana, hapo kuna tundu. Bahati mbaya halisi haina nidhamu hiyo. Leo inakupiga kikubwa, kesho hakuna.

Sisemi bahati haipo dukani. Ipo. Ujenzi wa barabara ukifunga njia ya kuja kwako miezi sita, hiyo si kosa la mzani. Ila watu wanaiita bahati kabla hawajapima.

---

Fremu_Arobaini

Niseme kuhusu simulizi za waliofanikiwa, kwa sababu ndizo zinazotupotosha tukiuliza swali la mleta mada.

Fanya mchezo wa kichwani. Watu 1,000 wanafungua biashara zinazofanana kila kitu, na kila mwaka nusu zinafungwa kwa kurusha shilingi tu. Baada ya miaka mitano wanabaki kama 31. Hao 31 hawana walichozidi wenzao, sisi wenyewe tumewatengeneza kwa sarafu. Lakini ndio watakaoalikwa kwenye semina, na mmoja atasema siri yake ni kuamka saa kumi alfajiri. Waliofunga nao walikuwa wanaamka saa kumi alfajiri, ila hakuna anayewapa kipaza sauti.

Dawa yake ni kuhesabu waliokufa, na mtaani inawezekana kabisa. Chagua mtaa mmoja wenye fremu kama 40 za aina unayotaka kufungua. Usiwaulize wenye maduka, waulize wanaokaa pale siku zote: mwenye nyumba, dalali, mama ntilie wa mbele ya fremu, fundi viatu. Kwa kila fremu andika miaka mitatu nyuma kulikuwa na nani, akiuza nini. Utapata mafungu matatu: aliye yule yule na biashara ile ile, aliye yule yule lakini kabadili biashara, na mpya kabisa. Ukikuta saluni tisa zimepita na imebaki moja, hata huyo aliyebaki akikwambia saluni inalipa, unajua wale tisa hawapo kukueleza upande wao.

Angalia pia fremu iliyobadilisha watu mara nne. Watu watasema ina mkosi. Nenda kaisimamie saa tisa alasiri. Mara nyingi jua linapiga moja kwa moja ndani na bidhaa zinapauka, au mtaro uko mbele na hakuna daraja, au kituo cha daladala kilihamishwa hatua mia mbili na kodi ikabaki ya zamani.

Halafu kodi yenyewe. Kulipa miezi sita au kumi na miwili kwa mkupuo, mwezi mmoja wa dalali juu yake, na kilemba (pesa ya kuachiwa fremu) kama ni sehemu za moto kama Kariakoo, kunageuza jaribio kuwa karata moja kubwa. Fremu ya 120,000 kwa mwezi kwa mwaka ni 1,440,000 kabla hujapanga rafu. Mbembeleze mwenye nyumba akupe miezi mitatu kwa 150,000, utatoa 450,000. Umezidishiwa elfu thelathini kwa mwezi, ndiyo, lakini umenunua haki ya kuondoka. Watu huiona hiyo thelathini kama hasara. Hiyo ni bei ya kinga.

---

MzeeWaMbaazi

Mmesahau bahati inayotoka mbali, ile ambayo hata jirani yako hahusiki.

Mbaazi. Miaka ya 2014 na 2015 India ilikuwa na ukame, mavuno yao yakawa haba, na mkulima wa Babati au Lindi akauza kilo zaidi ya shilingi 2,000. Watu wakaongeza maeneo. Agosti 2017, wavunaji wetu wakiwa ndiyo kwanza wanajaza magunia, India ikaweka ukomo wa tani 200,000 za mbaazi kwa mwaka. Bei hapa ikaanguka chini ya 500, kwingine watu wakaziacha shambani. Msumbiji walikuwa na makubaliano na India tangu 2016, wao wakawa na mlango wao. Mei 2021 India ikafungua tena uingizaji huru, bei zikarudi kupanda. Mkulima wa Nachingwea hakuwa mjinga 2017 wala hakuwa na akili zaidi 2023.

Lakini hata hapa kuna cha kushika. Sisi tunavuna Agosti hadi Oktoba. Wao wanapanda Juni na Julai kwa mvua zao na wanavuna kuanzia Desemba. Kwa hiyo mbaazi yetu inaingia kwao kabla ya yao. Kufikia katikati ya Septemba mvua yao imeshajulikana ilikuwaje, na habari hiyo iko wazi kwa yeyote mwenye simu. Mvua yao ikiwa mbaya, kushikilia mzigo kuna maana. Ikiwa nzuri, usikae na mzigo ukisubiri Januari. Anayeshikilia ahakikishe punje zimekauka, unyevu chini ya asilimia 13, na atumie mifuko isiyopitisha hewa iliyofungwa tabaka kwa tabaka. Kwenye gunia la kawaida fukusi watakula bahati yote uliyokuwa unaisubiri.

Na usiweke shamba lote mbaazi peke yake. Wanaochanganya na mahindi, mbaazi ikibaki baada ya mahindi kuvunwa, msimu wa 2017 uliwaumiza lakini haukuwalaza njaa.

Vanila ni hivyo hivyo ila kwa mwendo wa kobe. Kimbunga Enawo kiliipiga Madagaska Machi 2017, tena kwenye ukanda wa Sava, kitovu cha vanila ya dunia. 2018 bei ilifika karibu dola 600 kwa kilo ya iliyokaushwa. Aliyekuwa na mivanila yake tayari Kagera au Uganda alipata mvua ya neema kwa msiba wa wengine. Aliyepanda baada ya kusikia bei alingoja kama miaka mitatu mpaka maua, kisha miezi tisa maganda yakomae, na alipofika sokoni bei ilikuwa imeshashuka sana. Kwa hiyo ukisikia bei nzuri, swali la kwanza ni moja: zao hili linachukua muda gani tangu kupandwa mpaka kuuzwa? Bei ya leo ni ya aliyepanda jana.

---

Otieno_wa_Mabanda

Salamu kutoka Kenya. Mzee wa Mbaazi amegusa kitu, nami nitaje kware, kwa sababu wengi walichomeka na hadi leo wanasema ni bahati mbaya.

2013 mayai ya kware yalikuwa dhahabu hapa. Watu walisimama foleni kuomba leseni KWS, shirika la wanyamapori, kwa sababu ndege huyo alihesabiwa kuwa wa porini. Kufikia 2014 soko lilikuwa limekufa. Bahati mbaya? Hapana, ilikuwa hesabu. Yai la kware huanguliwa kwa siku 17 au 18, na jike huanza kutaga akiwa na wiki sita hadi nane. Kutoka yai hadi yai ni kama miezi miwili. Kitu kinachozaana hivyo hakiwezi kukaa na bei ya juu.

Na swali ambalo lingewaokoa: nani anayenunua? Wengi walionunua mayai na vifaranga walikuwa wafugaji wapya, si walaji. Siku wafugaji wapya walipokwisha, wanunuzi walikwisha pia. Ukiletewa dili yoyote, sungura, mitiki, stevia, uliza mnunuzi wa mwisho anakula kitu hiki au anataka kuanza kukizalisha? Kama ni wa pili, unayecheza naye ni muda.

Kwa bahati njema nitaje M-Pesa. Majaribio ya 2005 yalilenga wakopaji wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, walipe marejesho yao kwa simu. Watu wakawa wanaitumia kutumiana pesa wao kwa wao, jambo ambalo halikuwa lengo. Waliokuwa wakiijaribu wangeweza kuliona kama matumizi mabaya na kulizuia. Waliliandika, wakaligeuza kuwa bidhaa yenyewe, na Machi 2007 ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Bahati ilipita kwenye daftari la majaribio.

Kiosk kinaweza kufanya hivyo bila kompyuta. Weka daftari la "hakuna": kila mteja anayeuliza kitu usichonacho, andika kitu, tarehe na saa. Usitegemee kichwa, kichwa hukumbuka wa mwisho tu. Baada ya siku 30, kitu kilichoulizwa na watu tofauti watano au zaidi, nunua pakiti ndogo kabisa inayouzwa, sio katoni. Kikiisha ndani ya wiki, ongeza. Kikidoda, umepoteza pakiti moja.

---

Apolo_Mstaafu

Wote wanaozungumza bahati hawajamtaja Saniniu Laizer, mchimbaji wa Mirerani? Juni 2020, mawe mawili ya tanzanite, kilo 9.27 na kilo 5.1, serikali ikamlipa bilioni 7.74. Agosti akatoa la tatu, zaidi ya kilo sita.

Watu wanasimulia kana kwamba alijikwaa. Iliripotiwa wakati ule kuwa alikuwa na wachimbaji kama 200. Watu 200 chini ya ardhi ni karata 200 zinazovutwa kila zamu, na mwenye karata hizo ni aliyelipia chakula, mapipa ya dizeli, baruti na kamba. Mwanaapolo mmoja anayechimba kwa posho na kusubiri mgao anaweza kumaliza miaka bila kuona mshipa. Mwamba ni ule ule, ila mmoja anavuta nyingi na mwingine anavuta yake moja.

Halafu upande wa kuuza. Ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ya Mirerani ulizinduliwa Aprili 2018, na masoko ya madini yakaanza 2019. Jiwe kama lile lingetoka miaka kumi nyuma kwa mtu asiye na mnunuzi wa uhakika, lingepita kwa dalali usiku kwa sehemu ndogo ya thamani yake. Kupata ni karata moja na kuuza ni nyingine, na hiyo ya pili ndiyo inayoachwa nje ya masimulizi.

---

BintiGairo

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Sasa mnifungie swali la pili: mwenye milioni mbili, na bado anataka tikiti. Aanze na kiasi gani? Na akope au asikope?

---

Daftari_la_Shamba

Kwa bei zile zile za mfano, dada. Ekari nzima ni 2,200,000, yaani anaanza kwa kukopa laki mbili kabla hajang'oa jani. Hiyo tuitupe.

Kwanza atoe chakula cha nyumbani cha miezi mitatu. Tuseme laki sita. Wengi hawaitoi, kisha wanakula mbolea katikati ya msimu: mche unadai mbolea ya pili, mtoto anadai ada, mtoto anashinda. Anabaki na 1,400,000.

Nusu ekari ni 1,100,000. Bei ikiwa mbaya anapoteza 450,000 na kubaki na 950,000, hawezi kurudia. Karata moja tu, kisha nje. Robo ekari gharama haishuki sawia, kwa sababu pampu na nauli havigawanyiki, weka 600,000. Matunda 650. Bei mbaya: hasara 275,000. Bei ya kati: faida 50,000. Bei nzuri: faida 570,000. Hata akipigwa mara tatu mfululizo anabaki na 575,000, karibu ya kutosha kurudia mara ya nne. Kama kila bei ina nafasi sawa, kupigwa mara tatu mfululizo ni mara moja katika 27. Wastani wa faida ni kama 115,000 kwa msimu. Ndogo, inachekesha, haipigwi picha. Ila ndiyo inayompa muda wa kujifunza nzi, ukungu na madalali kwa pesa ndogo, na muda huo ndio unaogeuza matunda 650 kuwa 800.

---

Kinyonga77

Tahadhari moja kwenye hiyo 27. Ni kweli kama misimu haifungamani. Ukipanda vipande vitatu vya robo ekari kwa kuachanisha wiki tatu tatu ndani ya msimu mmoja, ukidhani umegawa bahati, soko likijaa linakaa limejaa wiki nne au tano na vyote vitatu vitaingia humo. Achanisha kwa miezi, au kwa mazao: robo tikiti, robo bamia au mahindi ya kuchoma. Na masoko mawili yasiyolishwa na barabara moja.

Mkopo: asikope wa marejesho ya kila wiki, ile kausha damu, kwa zao la siku 80. Mkopo wa wiki 12 unaanza kulipwa wiki ya kwanza, tikiti la kwanza linakatwa wiki ya 11 au 12. Atakuwa amelipa marejesho kumi bila kuuza tunda hata moja, na zile za mwisho atazilipa kwa kumwachia dalali shamba zima kwa bei ya dalali. Hapo hata msimu wa 1,800 atauza kwa 600.

---

Mama_Mizani

Na anunue mzani wake wa kuning'iniza, wa kilo 50. Dalali akisema "haya madogo, haya kati", ayapime mbele yake kabla ya kupakia, si baada. Daraja likishapangwa juu ya Fuso halibadilishwi.